Kuiongezea kasi delta ndogo ya rimoti: mwongozo kwa warushaji wa Nakuru na Kisumu

Delta, yaani ndege ya pembetatu isiyo na mkia, ninayoizungumzia hapa ni ile ndogo ya povu: mabawa ya sentimita 70 hadi 90 toka ncha hadi ncha, mota moja nyuma, sevo mbili za gramu 9 (vimota vinavyosogeza vibao vya kuongozea), betri ya lipo (lithiamu polima) ya seli 3, uzito wa jumla gramu 300 hadi 450. Jinsi inavyotoka kwenye boksi inaruka vizuri tu. Ila mtu akishaizoea huanza kutamani mwendo, na kitu cha kwanza anachonunua ni betri ya seli 4. Mota inapata moto, ESC (kifaa kinachodhibiti umeme wa mota) inaungua, na kasi haijapanda kwa kiasi alichotarajia.

Kabla hujatoa hata shilingi, tafuta kinachoizuia ndege yako. Huwa ni kimoja kati ya viwili. Pengine propela imefika mwisho wake: inazunguka kwa nguvu zote lakini ndege imeshaifikia kasi ambayo propela hiyo inaweza kutoa. Au propela bado ina uwezo, ila mwili wa ndege unakokota hewa nyingi mno. Dawa ya tatizo la kwanza ni propela au volti. Dawa ya la pili ni msasa, selotepu na jioni mbili za kazi mezani. Ukikosea ugonjwa, utalipia dawa isiyokuhusu.

Na ukumbuke hesabu hii wakati wote: nguvu ya kushinda ukinzani wa hewa hupanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 125 unahitaji karibu mara mbili ya nguvu uliyokuwa nayo. Ndiyo maana mimi hushikilia kwamba mwili usafishwe kwanza. Kila ukinzani unaouondoa ni wati ambazo hutazinunua.

Hatua ya 1: Pima mwendo kwa simu yako

Huhitaji kifaa cha GPS, ingawa ukiwa nacho kitumie, na upime kwenda na kurudi ili upepo ujifute. Simu ya kawaida inatosha, kwa sababu sauti ya propela hubeba habari zote mbili unazozitaka: mwendo wa ndege na mizunguko ya mota.

Iweke simu chini uwanjani, juu ya kitambaa ili isichukue mtetemo wa ardhi, nawe usimame mbali nayo kama mita 30. Anza kurekodi. Pitisha ndege karibu na juu ya simu ikiwa imenyooka, haipandi wala haishuki, moto wote, yaani nguvu yote ya mota, ukiwa umefunguliwa tangu mbali. Usiiangushe kutoka juu kisha uhesabu mwendo wa mteremko. Huo si wake. Igeuze, uipitishe tena kutoka upande wa pili.

Nyumbani fungua rekodi hiyo kwenye kompyuta, kwa programu ya bure kama Audacity. Chagua kipande kifupi cha sauti ndege ikiwa bado mbali inakuja, uangalie kilele kikubwa cha masafa yake kwa hezi. Fanya hivyo hivyo kwa kipande cha ndege ikiwa imeshapita na kwenda mbali. Usichukue sauti ya pale pale inapopita juu ya simu, maana hapo sauti inateleza kutoka juu kwenda chini na hutapata namba ya kuaminika.

Chukua mfano. Ikija inasoma hezi 700, ikienda inasoma 590. Toa ndogo kwenye kubwa: 110. Zijumlishe: 1,290. Gawa 110 kwa 1,290, kisha zidisha kwa kasi ya sauti, ambayo ni mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa nyuzijoto 20. Utapata mita 29 na kitu kwa sekunde, yaani kilomita 105 kwa saa. Mwinuko wa Nakuru hauharibu hesabu hii. Kasi ya sauti hufuata joto la hewa, si urefu kutoka usawa wa bahari. Asubuhi ya nyuzijoto 12 tumia 338.

Sasa mizunguko. Zidisha 700 kwa 590, zidisha kwa 2, gawa kwa 1,290. Jibu ni kama hezi 640, na hiyo ndiyo sauti halisi ya propela bila athari ya mwendo. Propela ya mapanga mawili hupiga hewa mara mbili kwa kila mzunguko, kwa hiyo 640 mara 30 ni karibu mizunguko 19,200 kwa dakika. Yenye mapanga matatu, zidisha kwa 20. Ukiona jibu la mizunguko limezidi kile mota yako inaweza, huenda umesoma mwangwi wa juu wa sauti (masafa yaliyo mara mbili au tatu ya ile ya msingi) badala ya sauti ya msingi. Mwendo hautakuwa umeharibika, mradi vilele vyote viwili ni vya mwangwi huo huo.

Kwenye propela huandikwa namba mbili, tuseme 6x4. Ya kwanza ni kipenyo kwa inchi. Ya pili ni pichi: inchi ambazo propela ingesonga mbele kwa kila mzunguko kama isingeteleza hewani. Zidisha mizunguko kwa pichi, kisha kwa 0.001524, upate kilomita kwa saa. Mizunguko 19,200 na pichi ya 4 ni kama kilomita 117. Ndege yetu ilienda 105, yaani asilimia 90 ya mwendo wa propela.

Namba hiyo ya asilimia ndiyo inayokuamulia. Ikiwa asilimia 85 na kuendelea, propela ndiyo kizuizi, na pichi zaidi au volti zaidi zitaleta kasi mara moja. Ikiwa asilimia 70 au chini yake, kizuizi ni mwili, na propela ya pichi kubwa itakula tu umeme bure. Katikati hapo, kuna kazi pande zote mbili. Andika namba zako kwenye daftari pamoja na tarehe, propela na betri, kwa sababu utazirudia kila baada ya badiliko.

Hatua ya 2: Safisha mwili

Hata kama propela ndiyo kizuizi, fanya hatua hii. Ukishaongeza nguvu, mwili mchafu ndio utakaokuwa ukuta unaofuata.

Jua kwanza povu lako. EPP hukunjika na kurudi, gundi moto huishika vizuri. EPO ni ngumu kidogo, na supaglu ya kawaida haiiharibu. Lile povu jeupe la punje punje, la aina inayofungashiwa televisheni, huliwa na supaglu ya kawaida na gundi zenye thina hadi libaki shimo. Jaribu gundi yoyote kwenye kipande cha pembeni kabla hujaigusa ndege.

Anza na waya. Kila waya unaopita juu ya bawa uchimbie mfereji mwembamba kwa kisu chenye makali mapya, uuzamishe, ufunike kwa selotepu. Sevo nazo zizamishwe hadi zilingane na uso wa bawa, ibaki nje pembe ya sevo peke yake, na kama bawa ni nene vya kutosha hata waya wa kusukuma elevoni (kibao cha kuongozea kilicho nyuma ya bawa) utoke karibu na uso. Ncha za bolti, vipande vya velkro vinavyopepea, mlango wa betri usiofunga sawasawa: vyote hivyo vishughulikie. Vitu vidogo vya aina hii vinakula zaidi ya mtu anavyofikiri, kwa sababu nyuma ya kila uvimbe hewa hukatika na kuvurugika hadi mwisho wa bawa.

Kisha msasa. Tumia namba 240 halafu 400, ukiufunga kwenye kipande cha mbao kilichonyooka ili usichimbe mabonde. Ukingo wa mbele uache mviringo. Wapo wanaouchonga kuwa mkali kama kisu wakidhani utakata hewa. Kwa ndege ndogo ya mwendo huu ukingo mkali hufanya bawa liache kubeba ghafla unapokata kona. Ukingo wa nyuma ndio wa kupunguza: ukiwa na unene wa milimita 5 au 6, ushushe hadi karibu 2.

Baada ya hapo, kaboni. Povu likiwa halina mfupa hujipinda kwenye mwendo mkali, na bawa lililopinda haliendi kasi wala haliendi linakoelekezwa. Chukua ufito bapa wa kaboni wa milimita 6 kwa 1, uzamishe kwa ubavu wake chini ya bawa toka karibu na ncha moja hadi nyingine, karibu na sehemu nene zaidi. Kata mfereji kwa rula, tia gundi, pigilia selotepu juu, kisha laza bawa juu ya meza iliyonyooka na vitabu juu yake usiku kucha. Ukiliacha likaushe likiwa limepinda, utakuwa umelifungia kosa hilo ndani. Antena ya risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti) iweke mbali na kaboni, kwa kuwa kaboni huziba mawimbi ya gigahezi 2.4. Zikiwa antena mbili, zielekeze pande tofauti, moja ikiwa wima, nyingine ikiwa imelala.

Mwisho wa mwili ni ngozi. Selotepu pana ya kufungia maboksi inafanya kazi, ni rahisi, na ipo kila duka la vifaa vya ofisi. Anza kubandika nyuma ukienda mbele, ili kila kipande cha mbele kikalie kile cha nyuma yake na hewa isipate ukingo wa kuinua. Kinachopendeza zaidi ni filamu nyembamba ya lamineti ya karibu mikroni 40, ile ya roli, inayobandikwa kwa pasi. Zile bahasha za lamineti za saiba nyingi ni za mikroni 125, nzito mno kwa ndege ya gramu 350. Pasi iwe ya moto mdogo, ule wa nailoni, na uijaribu kwenye povu la kutupa. Piga juu kidogo na chini kidogo kwa zamu. Ukimaliza upande mmoja wote kwanza, bawa litajikunja kuelekea upande huo.

Hatua ya 3: Elevoni, zisije zikatetema

Hatua hii isome mara mbili. Delta nyingi zinazopotea kwa kasi hazipotei kwa mota kuzimika bali kwa elevoni kuanza kutetema. Povu laini likiwa kwenye mwendo ambao halikutengenezewa huanza kupiga juu chini mara nyingi kwa sekunde, sevo inavunjika meno, bawa linachanika, na yote hayo yanaisha kabla hujajua umeona nini. Dalili utaisikia kwanza: mvumo mzito kama wa nyuki walionaswa ndani ya debe, usiofanana na sauti ya mota. Ukiusikia, funga moto papo hapo na uinue pua polepole. Usivute kwa nguvu. Ishushe chini, na usiirushe tena siku hiyo.

Kinga yake ni ugumu na kutokuwa na mchezo. Badilisha elevoni za povu na za balsa (mbao nyepesi) ya milimita 5 au 6 iliyochongwa kuwa nyembamba nyuma, au ukibaki na za povu zifunike kwa selotepu yenye nyuzi na uzamishe ufito wa kaboni wa milimita 1.5 kwa urefu wake wote. Bawaba nzima ifungwe kwa selotepu juu, isibaki nafasi ya hewa kupenya. Waya wa kusukuma uwe mfupi na mnene, milimita 1.5 au zaidi. Ukiwa mrefu upitishe kwenye mrija ili usijipinde. Kwenye pembe ya elevoni tumia tundu la mbali kabisa, na kwenye sevo tundu la karibu na kitovu. Sevo za gia za plastiki zibadilishe na za chuma.

Shika elevoni kwa vidole viwili, sevo ikiwa na umeme, ujaribu kuitikisa. Ikicheza kwa zaidi ya unene wa kadi ya simu, tafuta ni tundu gani limelegea.

Punguza pia mwendo wa elevoni kwenye rimoti. Ile iliyokuwa ikicheza milimita 10 juu na 10 chini, kwa kasi mpya 5 au 6 zinatosha kwa kupanda na kushuka, na 8 kwa kubingirika, pamoja na ekspo (mpangilio wa rimoti unaolainisha mwendo karibu na katikati ya kijiti) ya asilimia 30. Weka swichi ya kurudi kwenye mwendo mkubwa kwa ajili ya kutua.

Hatua ya 4: Kitovu cha uzito

Delta haina mkia wa kuisamehe. Kitovu cha uzito kikiwa nyuma kidogo tu ya panapotakiwa, itaruka kama karatasi. Anza na mahali panapotajwa kwenye maelezo ya ndege yako. Kama huna, asilimia 20 ya upana wa wastani wa bawa (toka ukingo wa mbele hadi wa nyuma), ikipimwa toka ukingo wa mbele pale bawa lenye upana huo lilipo, ni pa kuanzia palipo salama. Pima betri ikiwa ndani na kila kitu kimefungwa.

Kuna kasi iliyofichwa hapa. Ndege yenye pua nzito hulazimika kubeba elevoni zilizoinuliwa juu ili isichome chini, na elevoni iliyoinuliwa ni breki. Ukishaizoea ndege, sogeza betri nyuma milimita 2 kwa mara moja, urushe, upunguze trimu (marekebisho madogo ya rimoti yanayoiweka ndege sawa). Elevoni zikibakiwa na mwinuko wa milimita 1 au 2 tu ndege ikienda sawa, simama hapo. Ukiona imeanza kuwa na wasiwasi, pua inapanda na kushuka yenyewe, umepita. Rudisha milimita 3 mbele.

Hatua ya 5: Propela

Kama kipimo chako cha kwanza kilisema asilimia 85 na zaidi, hapa ndipo utakapopata kasi ya bei nafuu kuliko zote. Propela ni mia chache za shilingi. Punguza kipenyo, ongeza pichi: kutoka 6x4 nenda 5.5x4.5, au 5x5. Msukumo wa kurushia utapungua kidogo, mwendo wa juu utapanda.

Usitumie propela za ndege za polepole, zile zenye herufi SF. Kampuni ya APC yenyewe huweka kikomo cha mizunguko kwa kugawa 65,000 kwa kipenyo cha inchi kwa propela hizo, na 145,000 kwa zile nyembamba za umeme zenye herufi E. Kwa inchi 6 ni kama 10,800 dhidi ya 24,000. Mota yetu ya mizunguko 19,200 ingeirarua ile ya SF, na panga la propela likiachia hurukia popote.

Isawazishe. Ipitishe kwenye msumari laini uliolala, uone panga gani linashuka, ukwangue kwa msasa upande wa nyuma wa panga hilo. Mtetemo hula nguvu na hulegeza bolti. Ukiifunga, kumbuka mota iko nyuma, lakini maandishi ya propela bado yanatazama mbele, upande ndege inakokwenda. Ikifungwa kinyume itasukuma, ila vibaya, na utahangaika kutafuta kosa mahali pengine. Bolti za mota zitie gundi ya kuzuia kulegea, na upime urefu wake kabla hujazikaza: bolti ndefu mno hugusa waya wa shaba ndani ya mota na kuiua mara ya kwanza unapofungua moto.

Hatua ya 6: Seli 4, kwa aliyefika hapo

Kutoka seli 3 hadi 4 volti hupanda kwa theluthi moja. Kwa propela ile ile, umeme unaovutwa hupanda kwa karibu mara 1.8 na nguvu kwa zaidi ya mara mbili. 6x4 iliyokuwa ikivuta ampea 20 itataka kama 35, nawe una ESC ya 30. Hii ndiyo siri ya zile ESC zinazoungua. Kwa hiyo volti ikipanda, propela ishuke: 5x5 kwenye seli 4 huvuta kama asilimia 60 ya kile 6x4 ingevuta, na unarudi kwenye ampea 21 hivi.

Soma maandishi ya mota. Mota nyingi za ukubwa wa 2212 za KV 2200 (mizunguko kwa dakika kwa kila volti) zimeandikwa seli 2 hadi 3. Badala ya kuilazimisha, tafuta mota ya droni za mbio, ukubwa wa 2207, KV karibu 2400, ambazo zimetengenezwa kwa seli 4 na propela za inchi 5. Zinapatikana kwa wauzaji wa vifaa vya umeme Nairobi, ukaagiza na kutumiwa kwa matatu za Nakuru au basi la Kisumu. Nyingi ni nyepesi kuliko 2212, na gramu zinazopungua nyuma zinafidia sehemu ya uzito wa betri iliyo nzito zaidi, ila kitovu kitasogea mbele, kwa hiyo kipime upya.

ESC iandikwe kwamba inabeba seli 4, na kile kipande chake kinacholisha sevo kiwe cha aina ya swichi, si ya mstari, ambayo kwa volti hiyo hupata moto sana. Ipe hewa: tundu la kuingilia mbele, na la kutokea nyuma lenye ukubwa mara mbili.

Betri ya 1300 (miliampea-saa) yenye 45C, yaani inayodaiwa kutoa mara 45 ya uwezo wake, ingetoa ampea 58 kwa karatasi. Mimi huihesabia nusu. Usiishushe chini ya volti 3.5 kwa seli ikiwa imepumzika, ihifadhi kwenye 3.8, ichaji kwa ampea isiyozidi uwezo wake, yaani 1.3 kwa hiyo ya 1300, na ukae hapo hapo inapochaji. Chungu cha udongo chenye mchanga chini ni mahali pazuri pa kuichajia, mbali na pazia na kitanda.

Hatua ya 7: Mita ya wati, na hewa ya kwetu

Usirushe badiliko lolote la umeme bila kulipima chini. Funga mita ya wati kati ya betri iliyojaa na ESC, mtu mwingine aishike ndege kwa mikono miwili akiwa mbele ya bawa, mbali na propela, ufungue moto wote kwa sekunde 5. Kama ESC ni ya ampea 30, nataka kuona 24 au chini. Propela ya pichi kubwa kama 5x5 haipunguzi sana mzigo ikiwa hewani, kwa hiyo usijifariji kwamba "juu itapoa".

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama asilimia 17. Eldoret ni nyepesi zaidi. Kisumu, mita 1,130 hivi, hewa ni nzito kuliko ya Nakuru kwa asilimia 5 hadi 8, kutegemea joto. Faida yake Nakuru ni kwamba propela inazunguka kwa wepesi na ampea zinasoma chini. Hatari ni pale unapopanga kila kitu Nakuru hadi ukingoni mwa ESC, kisha unapanda matatu kwenda kumwonyesha rafiki Kisumu. Propela ile ile itavuta zaidi, na Mombasa itavuta zaidi ya hapo kwa kiasi cha kutisha. Akiba ya asilimia 20 niliyoitaja ndiyo inayokulinda.

Hewa nyepesi ina upande wake mwingine. Bawa linahitaji mwendo mkubwa zaidi ili kubeba uzito ule ule: Nakuru ni karibu asilimia 10 zaidi ya pwani. Kwa hiyo mrusho dhaifu ambao Kisumu ungekubali, Nakuru utaiangusha ndege mbele ya miguu yako. Tena hewa hiyo hiyo hupoza mota kidogo kuliko ya chini.

Hatua ya 8: Uwanja na kurusha

Kanuni za ndege zisizo na rubani ziko chini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya. Waulize kuhusu usajili na kibali, na usipande zaidi ya futi 400. Nakuru, kaa mbali kabisa na Lanet, penye jeshi na uwanja wa ndege, na usisogelee hifadhi ya Ziwa Nakuru. Kisumu, uwanja wa ndege uko kando ya ziwa pale pale mjini, kwa hiyo toka nje kabisa, upande wa tambarare za Kano.

Mashamba ya ngano ya Njoro na Rongai baada ya kuvunwa ni mazuri mno. Ya mahindi si mazuri, mabua yaliyokatwa hutoboa tumbo la ndege kama misumari. Muombe mwenye shamba, tena kwa heshima yake: "Mzee, habari ya asubuhi. Tunaomba kurusha ndege ndogo ya rimoti hapa kwa saa moja. Haina mafuta, na ikianguka tutaokota kila kipande." Akiuliza itawatisha ng'ombe, mwambie ukweli kwamba inapiga kelele, na umuulize wamelishwa wapi leo.

Watoto watakuja, hawakosi. Wapange wote nyuma yako, weka kamba au mstari wa majani, na umpe mkubwa wao kazi ya kuwazuia. Ndege ya gramu 400 kwenye kilomita 150 kwa saa haimwachi mtu salama. Njia ya kupita kwa kasi iwe mbele yako, sambamba nawe, kamwe isikuelekee wewe wala walio nyuma yako.

Rusha asubuhi mapema. Upepo wa Nakuru huamka kadiri jua linavyopanda, na Kisumu upepo wa ziwa huja alasiri. Asubuhi ya baridi weka betri mfukoni mwa koti hadi dakika ya mwisho, kwa sababu lipo baridi hutoa umeme kwa uvivu.

Kwa kuwa propela iko nyuma, mkono wako unapita karibu nayo. Mimi hupendelea manati: ukanda wa tyubu ya baiskeli wenye urefu wa mita 6, kamba ya mita 12, kigingi kilichopigiliwa kwa kuinama kuelekea mbali nawe, na ndoano ndogo chini ya pua. Moto unafunguliwa ndege ikishaachia kamba. Ukirusha kwa mkono, shika ukingo wa mbele wa bawa moja, tupa kwa mzunguko wa mkono kuelekea upepo, na kidole kisiguse moto hadi ndege imetoka mkononi.

Mruko wa kwanza baada ya badiliko usiwe wa kasi. Panda juu kiasi cha kuwa na nafasi ya kosa, nusu moto, weka trimu, sikiliza elevoni. Ongeza robo, geuza, sikiliza. Moto wote sekunde 5 kwanza, kisha 10. Shusha baada ya dakika 2, uguse mota, ESC na betri. Usipoweza kuvishikilia kwa vidole, propela ni kubwa mno, rudi saizi moja chini. Vikiwa vya vuguvugu tu, weka simu chini uwanjani, chukua vipimo viwili vya kwenda na kurudi, na uvilinganishe na vile vya kwanza kwenye daftari.